Shajara ya Mradi wa Desemba: kwenda Marangu na kurudi na kilo zilezile

Jumamosi, 23 Novemba 2024, Kimara, Dar es Salaam

Tumekaa kikao leo na tumekubaliana. Safari ya Krismasi ya mwaka huu kwa wazazi wetu Marangu, Kilimanjaro, ina mradi: kila mtu mzima arudi Dar mwezi Januari na uzito aliokwenda nao, akizidi asizidi nusu kilo. Lengo la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa, ni sukari ya Baba. Ana kisukari aina ya pili, na kliniki ya Januari ndiyo anayorudi kutoka kwake akiwa mnyonge, kwa sababu vipimo huwa vimepanda. Mimi nimepewa kazi ya kuandika.

Kaka ndiye aliyeleta hoja, na alikuja na takwimu zake. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu wazima 195 wa Marekani. Kuanzia katikati ya Novemba hadi mapema Januari waliongezeka wastani wa gramu 370 tu. Tuliposikia, karibu wote tukasema hicho si kitu. Kaka akaendelea: miezi iliyofuata uzito ule haukuondoka. Zidisha gramu hizo kwa Krismasi 15, una zaidi ya kilo tano ambazo hukumbuki ulizipata wapi.

Utafiti wa pili ni wa Birmingham, Uingereza, uliotoka kwenye jarida la BMJ Desemba 2018. Walikuwa watu 272. Kundi moja lilipewa kipeperushi cha mambo ya afya basi. La pili liliambiwa lijipime angalau mara mbili kwa wiki na kuandika, likapewa na orodha ya vyakula vya Krismasi inayoonyesha kila kimoja kinahitaji kutembea kiasi gani ili kiishe mwilini. Kundi la kipeperushi liliongezeka wastani wa gramu 370, la mzani likapungua gramu 130. Tumechukua hilo la mzani: Jumatano na Jumapili asubuhi, baada ya kutoka chooni, kabla ya chai, nguo nyepesi. Mzani ukae kwenye sakafu ya saruji, maana juu ya zulia unadanganya.

Watoto hawapandi mzani. Hilo nimelisimamia mwenyewe na sitalilegeza. Mtoto wa miaka tisa anayekua hana sababu ya kusomewa kilo zake mbele ya mashangazi. Mdogo wetu mjamzito naye hayumo, ana kliniki yake.

Vipimo vya kuanzia: Kaka kilo 94, shemeji 88, wifi 76, dada 68, mimi 71 na nusu. Tumepima na viuno kwa futikamba ya cherehani ya wifi, kwenye usawa wa kitovu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linaweka mpaka wa sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Ni mmoja tu kati yetu aliye ndani ya mpaka.

Jumapili, 1 Desemba

Nimempigia Mama. Bila yeye mradi huu haupo, kwa sababu jiko la Marangu ni lake.

Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza: "Mtoto anakuja nyumbani mara moja kwa mwaka, nimpimie chakula?" Swali hilo nililitegemea, na bado liliniingia. Mama hufuga mbuzi wa Krismasi ndani ya banda kuanzia katikati ya mwaka, anamkatia majani asubuhi na jioni. Anatenga mkungu wa mshare, ndizi za kupika, kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, ili usikatwe hadi tufike. Kule kwetu mtu akitokea mjini amepungua, kijiji kizima kinauliza anaumwa nini. Kwa Mama, kutushibisha ni kutupokea.

Nikamsomea vipimo vya Baba vya Januari iliyopita, kimoja kimoja, na vya Aprili viliposhuka. Akanyamaza. Aliporudi kwenye simu akaanza kuzungumzia utoto wake. Anasema nyama waliijua Krismasi na Pasaka, na siku mgeni wa maana alipokuja. Siku nyingine ilikuwa kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage), mnafu (mboga chungu ya majani), maziwa ya mgando. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika hapa kama yalivyo, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mpango wetu kuanzia dakika ile: "Siku hizi mkija mnataka kila siku iwe Krismasi. Mimi nitawapikia Krismasi siku ya Krismasi. Siku nyingine mtakula tunachokula mimi na baba yenu."

Tulikuwa tumeandaa karatasi nzima ya masharti: usile hiki, punguza kile. Nimeiweka pembeni. Mama ameona mbali kuliko sisi. Tunafika tarehe 19, tunaondoka mapema Januari, na siku zote hizo katikati huwa zinapikwa kisikukuu: supu asubuhi, pilau mchana, nyama choma jioni, soda kila anapoingia mtu. Siku ya Krismasi yenyewe haina tatizo.

Jumapili, 8 Desemba

Wiki ya sherehe za kufunga mwaka kazini. Shemeji alikuwa na mbili, dada alikuwa na kipaimara Tabata na harusi Mbezi. Mzani wa leo: shemeji amepanda gramu 600, sisi wengine tuko palepale. Kaka amemtuliza kwamba gramu za usiku mmoja nyingi ni maji, chakula chenye chumvi hushikilia maji mwilini. Tunaangalia mwelekeo wa wiki.

Kwenye foleni ya chakula cha ukumbini dada ana utaratibu wake ambao nimeuona unafanya kazi. Anaanza upande wa mwisho wa meza, zilipo mboga na kachumbari, anajaza nusu ya sahani, ndipo anarudi kwenye pilau na kuku. Anayeanza na pilau hufika kwenye mboga sahani imejaa. Na hakai na njaa tangu asubuhi eti kwa sababu jioni kuna harusi. Anakula ndizi na yai saa kumi, kwa sababu chakula cha harusi hakijawahi kutoka saa iliyoandikwa kwenye kadi.

Alhamisi, 19 Desemba, Marangu

Tumefika salama. Kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na barabara ile ni mtihani wa kwanza wa mradi. Basi linapoingia mgahawani unapewa dakika chache, na kinachotoka haraka ni chipsi na kuku wa kukaanga. Mtu anakula kwa hofu ya kuachwa.

Tulijibebea. Mihogo ya kuchemsha, mayai, karanga za kukaanga bila mafuta kwenye chupa, maji ya kutosha. Segera tulinunua machungwa ya Muheza, Mombo tukanunua matunda yaliyoshuka kutoka Lushoto. Watoto waliomba soda, wakapata moja ya kugawana, hawakulalamika maana machungwa yalikuwa matamu. Tuliposhuka Himo hakuna aliyekuwa amevimbiwa, na hilo lilinifurahisha kuliko mzani.

Baba ametupokea barabarani. Anaonekana vizuri. Sukari yake ya leo asubuhi kabla ya kula ilikuwa 7.4 (milimoli kwa lita ya damu). Kliniki inamtaka awe kati ya 4 na 7.

Jumamosi, 21 Desemba

Leo naandika zaidi, kwa sababu jambo kubwa la mradi limetokea jikoni.

Mama alichemsha mifupa ya ng'ombe jana jioni kwa ajili ya mtori wa leo. Siku zote mtori hupikwa mfululizo: mifupa inachemka, ndizi zinaingia, zinaiva, zinapondwa humohumo na mafuta yote. Safari hii alichemsha mifupa peke yake kwa vitunguu na chumvi kidogo, akafunika sufuria, akaiacha usiku kucha kwenye chumba cha nyuma. Marangu usiku kuna ubaridi hata Desemba. Asubuhi nilipofunua, juu ya supu palikuwa na gamba jeupe la mafuta, gumu, unene wa kidole. Mama akaligonga kwa mwiko likapasuka vipande, akavitoa kimoja kimoja kwa mkono na kuviweka kwenye kikombe cha bati. Kikombe kikajaa hadi juu.

Nikakaa na kaka tukapiga hesabu. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9. Kikombe kile ni kama gramu 240, kwa hiyo kalori zaidi ya 2,000, ambazo zinakaribia mahitaji ya siku nzima ya mwanamke mzima. Zote zilikuwa zinaingia kwenye sufuria moja ya mtori, na mtori tulikuwa tunapika kila siku ya pili.

Supu iliyobaki chini ilikuwa imeganda kama jeli kwa jelatini ya mifupa. Mama akaipasha, akatia mshare aliomenya na kuosha, vitunguu, karoti, nyanya, akaziacha ziive hadi zilainike. Akaponda kwa mwiko, akaongeza maziwa kidogo na kuonja. Halafu akamwita Baba aje aonje bila kumwambia chochote. Baba alimaliza bakuli na kuomba nusu nyingine. Mama akanitazama. Tangu leo mifupa ya nyumba hii inachemshwa jana yake.

Ule mnafu ulikuwa pembeni, bakuli kubwa, uchungu wake umepunguzwa kwa maziwa. Mboga imekuwa nyingi mezani kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, na hatukununua hata fungu moja, yote imetoka kihambani.

Sukari ya Baba saa mbili baada ya chakula: 9.8. Jioni Mama akapika kiburu, ndizi na maharage, sahani ndogo zaidi. Baada ya saa mbili: 8.6. Sitaki kujenga ghorofa juu ya vipimo viwili, ila inaelekeana na alichoelezwa kliniki: maharage yana nyuzinyuzi na protini, sukari hupanda taratibu. Ndizi zilizopondwa laini huingia haraka zaidi.

Jumatatu, 23 Desemba

Tumeshuka sokoni Marangu Mtoni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Kurudi ni mlima. Wifi, ambaye kwao ni Tanga na barabara za kwao ni tambarare, alisimama mara kadhaa kupumua lakini alifika. Watoto wameomba kesho twende maporomoko ya Kinukamori, nimekubali.

Suala la leo ni soda. Kila mwaka tunanunua kreti, nyumba inakaa na soda kuanzia siku ya kwanza, na mgeni yeyote akiingia inafunguliwa. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, kama vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu inayopatikana kwenye chakula, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Chupa moja imeshapita hapo kabla hujala kitu. Na mgeni anayezunguka nyumba nne hunywa nne.

Tumenunua kreti moja tu, na tumekubaliana haitoki hadi tarehe 25. Badala yake tuna chai ya tangawizi na mchaichai kwenye chupa kubwa, sukari iko pembeni kila mtu ajitilie, na jagi la maji yenye vipande vya limau. Nilidhani wageni watatusema. Mzee jirani amekunywa vikombe viwili vya chai ya tangawizi bila sukari, akasema kifua kimefunguka.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi njema. Ibada ilikuwa ndefu na nzuri. Mbuzi alichinjwa alfajiri, kila kiungo kikaenda kwa mwenyewe kama desturi ilivyo, kisusio, supu ya mbuzi yenye damu, kikapikwa, nyama ikachomwa, pilau ya wifi ikatoka na harufu iliyoita majirani. Soda zimefunguliwa. Tumekula, tumeimba, tumepiga picha kwenye migomba. Leo hakuna aliyejipima na hakuna aliyeulizwa.

Baba amekula kila kitu kidogo kidogo, akatembea na wajukuu hadi kanisani na kurudi baada ya chakula cha mchana. Kutembea baada ya kula husaidia misuli kutumia sukari iliyopo kwenye damu, na yeye amelipenda kwa sababu analifanya akiwa na watoto.

Jumamosi, 28 Desemba

Siku za kuzunguka kusalimia. Hapa ndipo nilipokuwa na wasiwasi zaidi.

Asiyezijua siku hizi aelewe jinsi zinavyokwenda. Unatoka asubuhi kwenda kwa baba mkubwa, unapewa supu. Kwa shangazi wa kwanza ni ndizi na nyama. Kwa mama mdogo ni pilau, amewasha moto tangu saa kumi na mbili kwa ajili yenu. Ukifika nyumba ya nne huna nafasi tumboni, na hapo ndipo yupo bibi wa miaka themanini na kitu ambaye ameketi mlangoni anakusubiri. Huwezi kumwambia bibi huyo umeshiba. Wala mimi sitamwambia mtu yeyote afanye hivyo. Vitabu vya lishe vinavyosema jifunze kukataa havikuandikwa kwa ajili ya mlango wa bibi.

Kwa hiyo tulianzia kwa wenyeji. Jana usiku Mama aliwapigia simu wenzake mmoja mmoja, shangazi wawili, mama mdogo, mke wa baba mkubwa. Aliwaeleza habari za Baba, akasema wazi kwamba daktari anataka ale mara chache na kidogo. Akapendekeza wagawane: leo chakula ni kwa shangazi mkubwa peke yake, wengine wote watupe chai na kuonja. Kesho kwa mama mdogo. Keshokutwa kwa baba mkubwa. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia shangazi mmoja akijibu, "Kumbe! Mwaka huu nitapumzika na moshi." Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Wanawake hawa hupika wiki nzima bila kukaa, kila mmoja kwa sababu mwenzake anapika. Mpango tuliouleta kwa ajili ya viuno vyetu umewapa wao siku za kukaa sebuleni na wageni wao.

Wifi ndiye aliyetoa jambo la pili. Alisema kwao Ramadhani watu hufungua kwa tende na kitu chepesi, uji au maji, kisha wanaume wanakwenda kuswali magharibi, na wakirudi ndipo wanakaa kwenye futari yenyewe. Muda ule katikati tumbo linatulia, mtu hakishambulii chakula. Tumelifanya kwa shangazi mkubwa leo: kwanza kikombe kidogo cha supu iliyotolewa mafuta, halafu salamu zote, sala, habari za waliofariki na waliozaliwa, watoto kutambulishwa. Ilichukua nusu saa na zaidi. Chakula kilipokuja tulikula vizuri, kwa adabu, na sufuria ilibaki na chakula. Shangazi hakuudhika kuona kimebaki, kwa sababu alikipakia kwenye hotpoti tukampelekea bibi wa mlangoni, ambaye alikula nasi vijiko vichache huku akitusimulia.

Kuna ndugu walioguna. Mjomba mmoja alimwambia kaka kwamba mjini kumemharibu, mwanaume anakula kwenye kisahani. Kaka alimjibu kwa heshima, akamuuliza hali ya presha yake, na wakaishia kuzungumza nje kwa muda mrefu. Baadaye mjomba alikuja kuomba kupimwa sukari kwa mashine ya Baba. Ilikuwa juu kiasi cha kutufanya tumwandikie siku ya kwenda hospitali, na binamu yetu amekubali kumsindikiza. Nikiulizwa mradi huu umefanya nini cha maana, nitaanza na hapo.

Sukari ya Baba leo asubuhi: 7.1.

Jumatano, 1 Januari 2025

Heri ya mwaka mpya. Nazungumzia pombe, kwa sababu jana ilikuwa usiku wake.

Mbege ya Mama ilikuwa tayari. Ndizi mbivu zilizochemshwa zikachachuka kwa siku zake, kimea cha ulezi kikaingia, na msesewe, gamba la mti la kuleta uchungu. Ni kinywaji cha heshima kwetu na sina nia ya kukifukuza mezani. Ila kina wanga na kina kileo, na kwa mtu anayetumia dawa za kisukari hatari yake ina pande mbili. Kina sukari inayopandisha. Na kileo kikinywewa tumbo tupu kinaweza kushusha sukari ghafla, saa kadhaa baadaye, mtu amelala na watu wanadhani ni usingizi wa ulevi. Baba alishaelezwa na daktari wake: akinywa, iwe kidogo sana, na awe amekula. Jana alikula kwanza, akapokea kata moja pamoja na wazee wenzake, akaishia hapo. Alipimwa kabla ya kulala na alfajiri. Vipimo vilikuwa salama.

Kwa wale wa bia: chupa ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina kalori karibu 200, na hapo bado nyama choma inayoambatana nayo. Shemeji aliamua mwenyewe kwamba kila bia itafuatwa na glasi ya maji, na ameacha kula nyama kwenye sinia la pamoja ambako mkono hauna hesabu. Anajikatia sehemu yake, anaiweka kwenye sahani na kachumbari nyingi, ikiisha imeisha. Amecheza na kuimba hadi saa nane usiku kama wote.

Chapati za leo asubuhi wifi alizipika kwa chupa ya mafuta iliyopimwa. Tulipima mafuta kabla na baada: kilo moja ya unga ilikuwa inakula karibu robo lita. Leo alitia kidogo kwenye unga, akakanda kwa maji ya moto, na kikaangoni akapaka kwa brashi badala ya kumimina. Nusu ya mafuta ilibaki kwenye chupa. Zilikuwa laini vilevile, ingawa mimi nakubali zile za zamani zilikuwa na tabaka zinazoachana vizuri zaidi. Siku za kawaida siwezi kula za zamani. Krismasi naweza.

Jumamosi, 4 Januari

Kupima kabla ya kuondoka, mzani sebuleni kwenye saruji, Mama amesimama pembeni na daftari.

Kaka 93.6. Shemeji 88.7. Wifi 76.2. Dada 67.9. Mimi 71.3. Shemeji ndiye pekee aliyepita nusu kilo, gramu 700, naye mwenyewe anaona ilianzia zile sherehe za Dar kuliko huku. Viuno havijabadilika cha kuandika, isipokuwa kaka aliyepungua sentimita moja.

Baba, wastani wa vipimo vya asubuhi wa wiki hii: 7.0. Januari iliyopita wiki kama hii alikuwa anaamka na 10 na 11. Nimeandika tarakimu hizo kisha nikamwonyesha daftari. Alilishika muda, akaniambia nimpe picha yake kwenye simu aende nayo kliniki.

Mama aliomba naye apimwe, mara ya kwanza tangu tufike. Kilo 63. Akasema sawa, akashuka, akaenda kufunga mikungu ya kubeba.

Jumamosi, 18 Januari, Kimara

Kupima kwa mwisho. Tumerudi kazini, foleni za asubuhi, watoto shule. Shemeji amerudi 88 na pointi mbili bila jambo la ajabu, amekuwa akishuka daladala kituo kimoja kabla na kupeleka chakula cha mchana ofisini kutoka nyumbani. Waliobaki wako ndani ya lengo. Ule utafiti wa Marekani ndio uliotufanya tupime na leo, maana hoja yake ilikuwa kwamba kilo za sikukuu huwa haziondoki. Tulitaka kuona zetu ziko wapi.

Baba ameenda kliniki. Wamemwambia kipimo cha wastani wa miezi mitatu kitafanyika Februari, na hicho ndicho nitakachokiamini kuliko mashine ya nyumbani. Dawa hazijaongezwa. Mjomba ameanza dawa zake na anatembea asubuhi na Baba siku ambazo hakuna matope.

Yaliyobaki kufanywa. Shangazi mkubwa ameomba mzani wake, kaka atamnunulia na binamu anayepanda wiki ijayo atamchukulia. Mama anataka mashine ya pili ya sukari kwa ajili ya majirani wanaokuja kuomba, pamoja na vijiti vyake, ambavyo ndivyo ghali. Tumeanza mchango kwenye grupu la familia. Mpango wa nyumba moja ya chakula kwa siku utatumika tena Pasaka, tarehe 20 Aprili, na safari hiyo mama mdogo ndiye wa kwanza. Dada ataandika shajara ya Pasaka, nimemkabidhi daftari na futikamba.